Goti Juu ya Gunia

Mimi ni mwoga. Wacha niseme mapema, msije mkaniuliza baadaye. Naogopa radi, naogopa mbwa hata akiwa amefungwa, na siku ya kujifungua niliogopa mpaka mkunga akaniambia, "Mama, mtoto hawezi kurudi alikotoka, kwa hivyo acha kelele." Lakini takataka sikuwahi kuziogopa. Watu wa mtaa wetu wa Huruma walikuwa wakinipita nikiwa na mkokoteni wameziba pua, nami nawacheka kimoyomoyo. Uvundo ni wenu, nilikuwa nasema, mimi ni wa kubeba tu.

Tulikuwa wanawake saba katika chama chetu cha kuzoa takataka. Tuliona kazi mahali wengine waliona kinyaa. Mtaa ulikuwa unaota nyumba kila mwezi. Palipokuwa na vyumba sita vya mabati unakuta ghorofa nne, na kwenye kila ghorofa watu wanapika, wanafua, wanalea. Lendilodi anaweka stima, anaweka geti la chuma, anapaka rangi. Maganda ya viazi ya watu wote hao yataenda wapi? Hilo halimkoseshi usingizi. Zamani yalienda mtaroni, na mvua ikinyesha yote yanateremka mpaka mto Sosiani. Mengine yaliingia chooni, choo kikajaa chupa na nepi mpaka hata gari la kunyonya maji machafu likashindwa. Basi tukaanza kupita mlango kwa mlango, Jumanne na Ijumaa. Maganda yalienda kwa mzee mmoja anayefuga nguruwe njia ya kwenda Kaptagat, plastiki kwa wanunuzi wa mizani, mikebe kwa mafundi wa jua kali, na takataka tupu zikaenda jaani. Hatukutajirika. Lakini niliacha kufulia watu nguo, nikanunua mtungi wa gesi, na mume wangu, ambaye ni fundi wa mjengo kule Chepkoilel, akaacha kuniuliza hii kazi nitaiacha lini.

Kazi yetu ilikuwa na mambo mawili ambayo mtu wa nje hawezi kuyajua. La kwanza ni goti. Mkokoteni unabeba magunia manane, na sisi tulitaka hayo manane yabebe takataka za magunia kumi. Kwa hivyo gunia likijaa, unalipigia goti. Unapanda juu yake, unashindilia kwa uzito wako wote, takataka zinalia chini yako, gunia linashuka, unaongeza. Mimi nilisifiwa sana kwa goti langu. Chairlady wetu alikuwa ametununulia glavu na gumbuti, Mungu ambariki, lakini hakuna aliyewahi kufikiria glavu ya goti.

La pili ni sheria ya chama: kilicho ndani ya gunia hakina mwenyewe. Takataka zinasema. Zinakuambia nani anakunywa pombe na nani amepoteza mimba, na nani anakula nyama huku akilia njaa kwa majirani. Ukiona, umeona. Huulizi, husimulii, hucheki. Mwenzetu mmoja alifukuzwa kwa kucheka tu chupa za pombe za mwalimu fulani wa shule ya Jumapili. Watu walituamini kwa sababu ya sheria hiyo, na bila kuaminiwa hatungekuwa na hata nyumba moja.

Sasa njoo Jumanne hiyo. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Najua saa kwa sababu baadaye niliihesabu mara nyingi kuliko vidole vyangu. Nilikuwa nimemwacha mtoto kwa jirani, msichana wangu wa miezi mitano, aliyekuwa hajui chakula kingine ila titi langu. Nikapanda gunia, nikashindilia, na nikahisi kitu kikiniuma juu kidogo ya goti. Nilidhani ni msumari. Nikavuta sketi, nikaona tone la damu dogo, hata halikuteremka. Nikafungua gunia nikiwa na hasira, nimjue mjinga anayetupa misumari.

Hakukuwa na msumari. Kulikuwa na mkebe wa maziwa ya unga wenye kipande cha plasta nyeupe, kifuniko kimeng'oka, na ndani sindano za hospitali zimejaa, za kudungia watu. Moja ilikuwa imetoboa gunia na ncha yake imepinda. Kwenye bomba lake kulikuwa na damu kavu.

Aki ya Mungu! Nikakaa chini pale pale kwenye matope. Wenzangu walikuwa mbele na mkokoteni, hawakuona. Nikakamua ile damu, nikakamua mpaka ngozi ikawa ya bluu, halafu nikafanya kitu ambacho mpaka leo sikielewi: nikafunga gunia, nikalipakia, nikaendelea na kazi. Nilikuwa natabasamu na watu. "Habari ya asubuhi, Mama." "Mzuri sana." Na kichwani naona kitu kimoja tu, mdomo wa mtoto wangu.

Nilipokuwa mja mzito tulifundishwa kliniki: ukipata ajali ya damu, kimbia hospitali, kuna dawa za kuzuia virusi, lakini zinafaa ndani ya masaa sabini na mbili tu. Nilijua. Nilijua pia kwamba dawa hizo zinatolewa kwenye chumba cha mwisho cha korido, na nje ya chumba hicho kuna benchi la kijani, na ukionekana umekaa kwenye benchi hilo asubuhi, kufikia saa sita mtaa mzima umekuzika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Wahenga hawakuishi Huruma.

Saa sita nilimchukua mtoto kwa jirani. Alisikia harufu yangu akaanza kuhangaika, akafungua kinywa. Sikumpa. Nilimkorogea uji mwepesi, akautema, akalia mpaka akawa anashika pumzi. Matiti yalikuwa yamejaa yananiuma, maziwa yanalowesha blauzi yenyewe kila akilia. Nikalia na yeye. Nikaona heri nivunje sheria ya chama kuliko hivi.

Kwa maana mkebe ule niliujua. Kulikuwa na nyumba moja tu iliyotoa mikebe iliyozungushwa plasta nyeupe, na hiyo ilikuwa nyumba ya Sista. Alikuwa nesi mstaafu, mama mrefu wa sauti ya chini, na mtaa wote ulimwita hivyo. Alitupokea watu wote kama watoto wake. Siku hiyo mkebe haukuwa na plasta nyingi, labda ilikuwa imemwishia.

Nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda.

"Sista, nimekuja na shida ndogo."

"Shida ndogo haimtoi mtu jasho hivyo. Kaa."

Nikakaa. Nikamwambia yote, goti, mkebe, damu. Ulimi ulikuwa mzito, kwa sababu nilikuwa namuuliza mtu juu ya takataka zake, na hilo kwetu lilikuwa kama kumvua nguo. Birika lilikuwa linachemka kwenye jiko, akainuka akalitoa.

"Mkebe ni wangu," akasema.

"Na sindano?"

"Ni zangu pia. Nina sukari, mwanangu. Mwaka wa nne sasa. Najidunga mwenyewe, sitaki watu wajue."

"Zote?"

"Zote. Enda umnyonyeshe mtoto. Sukari haiambukizi."

Akanimiminia chai. Akajimiminia na yake, akaitia sukari vijiko vitatu, akakoroga.

Hapa ndipo utaniona mjinga, na una haki. Nilikiona kile kijiko. Nilihesabu moja, mbili, tatu. Na si hilo tu: mimi mwenyewe, mwaka uliopita, nilidungwa sindano tano za taifodi kwenye chumba cha kulala cha mama huyu, nimelala kwenye kitanda chake chenye shuka nyeupe. Nusu ya ploti yetu imedungwa pale. Watu hawataki foleni ya hospitali, hawataki kuulizwa maswali, wanaenda kwa Sista jioni, mlango unafungwa, wanatoka wanachechemea. Nilijua sindano zile haziwezi kuwa za mtu mmoja. Lakini nilikuwa nimeletewa uongo wenye ukubwa wa woga wangu, nikauvaa. Benchi la kijani likatoweka. Nikamwambia asante, Mungu akubariki, nikakimbia nyumbani, na kabla hata ya kuvua viatu nikampa mtoto titi. Alivuta kwa fujo, akakohoa, akavuta tena. Nikacheka peke yangu.

Mume wangu aliporudi sikumwambia kitu. Ya nini? Ilikuwa sukari.

Jumatano nikanyonyesha. Alhamisi nikanyonyesha. Lakini woga ni kitu kibaya, ukiufukuza mlangoni unaingia dirishani. Nikiwa nafua nakiona kile kijiko. Nikiwa napika nakiona. Najikuta nimesimama katikati ya nyumba, nimeshika mwiko, nahesabu masaa: yamepita arobaini na nane, yamebaki ishirini na nne. Halafu najikemea. Shindwe! Sista angekudanganya kwa faida gani? Mama mzima, mtu wa kanisa! Mtoto analia, namweka titini, na wakati ananyonya namtazama usoni nikitafuta sijui nini. Alhamisi jioni nilitapika chakula. Mume wangu akacheka, akasema isije ikawa mwingine anakuja.

Ijumaa asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, mlango ukagongwa. Mume wangu alikuwa ameshatoka kwenda kazini. Nilikuwa nimekaa kitandani namshibisha mtoto kabla sijaenda kuzoa. Nikasema ingia.

Alikuwa Sista. Amevaa koti la mvua na kilemba cha kanisani, macho mekundu. Akaniona nilivyokaa, akashika fremu ya mlango.

"Mtoe," akasema.

"Nini, Sista?"

"Mtoe mtoto kwenye titi. Mtoe, mwanangu, mtoe."

Sikusogea. Mwili ulikataa. Yeye ndiye aliyekuja, akaingiza kidole kidogo pembeni mwa mdomo wa mtoto jinsi manesi wanavyojua, akamtenganisha na mimi. Mtoto akapiga kelele. Sista akamshika kifuani.

"Sina sukari," akasema. "Sijawahi kuwa na sukari. Sindano ni zangu, lakini damu siijui ni ya nani. Wiki ile nilidunga watu zaidi ya kumi, na kati yao wako ambao nawajua wana ugonjwa, na wako ambao sijui. Niliogopa. Niliona polisi mlangoni, nikaona jina langu linatangazwa kanisani. Siku tatu sijalala. Nikifunga macho namsikia huyu mtoto akinyonya."

Nilimtukana. Siwezi kuandika nilivyomtukana, na alikuwa rika la mama yangu. Nilimwambia mambo mpaka jirani akaja kusimama mlangoni kusikiliza. Sista alingoja nipumue, halafu akauliza kwa ile sauti yake ya kazini, "Ulidungwa saa ngapi?"

"Saa tatu. Jumanne."

Akatazama saa ya mkononi. "Wanafungua saa mbili. Vaa viatu."

Ilikuwa inanyesha. Tulienda kwa miguu, yeye amebeba mtoto ndani ya koti, mimi mbele, nusu nakimbia, nateleza. Mtoto alilia njia nzima. Kila alipolia maziwa yalitoka, nikawa nayasikia yakiteremka tumboni yakiwa na joto, nikayaogopa. Maziwa yangu mwenyewe! Nilikuwa nayaonea kinyaa, mimi niliyekuwa sioni kinyaa juu ya kitu chochote.

Saa mbili tulikuta watu wameshajaa. Nikakaa kwenye benchi la kijani. Sista akakaa kando yangu, mgongo wima, na kila aliyepita akimtazama, yeye ndiye aliyemwamkia kwanza. "Hamjambo. Mmeamkaje." Watu wakawa wanaitikia wakiangalia chini. Kuna mwanamke mmoja wa ploti yetu aliyetuona, akasimama, akaenda zake haraka. Sikujali tena. Nilikuwa natazama saa ya ukutani. Saa mbili na robo. Saa mbili na nusu. Mbele yetu walikuwa watu wanne, halafu watatu. Ilipofika saa tatu kasorobo Sista akainuka, akagonga mlango, akaingia bila kuitwa, akinivuta mkono.

Nesi wa ndani alikuwa mwanamke kijana. Alipomwona akainuka kutoka kwenye kiti, akafurahi. "Sista! Ni wewe? Si ulitufundisha wodini, mimi nikiwa bado mwanafunzi! Umekuja kututembelea?"

"Nimeleta mtu," Sista akasema. "Amedungwa na sindano yangu."

Yule nesi tabasamu lilibaki usoni kwa muda, halafu likaondoka polepole. Akakaa. Akavuta kitabu.

"Lini?"

"Jumanne, saa tatu asubuhi."

Akahesabu kwa vidole, akatazama saa, akafungua droo haraka kuliko nilivyotarajia. Nikameza vidonge vya kwanza kwa maji ya kikombe cha plastiki. Alinipima, nikawa sina kitu. Akaeleza kwamba hayo ni majibu ya leo tu, virusi vya ile sindano haviwezi kuonekana sasa. Vidonge kila siku, siku ishirini na nane, nisikose hata moja. Vipimo tena mpaka miezi mitatu ipite.

"Unanyonyesha?"

"Ndiyo."

"Umemnyonyesha tangu udungwe?"

Sista akajibu. "Mimi ndiye nilimwambia anyonyeshe."

Nesi hakumtazama. Aliandika. Kisha akaniambia kwa upole kwamba hatari ni ndogo, siku ni chache, dawa ziko, nisijiue kwa mawazo; lakini nisimpe titi tena mpaka vipimo vyote viishe. Akanipa karatasi ya maziwa ya kopo na jinsi ya kuchemsha kikombe.

Jioni nilimwambia mume wangu. Alikuwa bado na simiti mikononi. Hakuuliza mimi nina nini. Aliuliza, "Na mtoto?" Nikasema hatujui. Akaenda nje akakaa juu ya ndoo, akakaa mpaka majirani wakaanza kumwuliza. Aliporudi alinawa mikono, akachukua kikombe cha mtoto, akasoma ile karatasi mstari kwa mstari kama mtu anayesoma barua ya serikali.

Miezi mitatu ile siwezi kuisimulia yote. Vidonge vilinichosha, lakini si vidonge. Wiki ya kwanza mtoto alilala upande wa mume wangu kwa sababu akinusa mwili wangu anaanza kuparamia blauzi. Nilikuwa namsikia upande ule wa kitanda, analia, na mimi natazama ukuta. Asubuhi nafunga mlango, nakamua maziwa kwenye beseni, maziwa mazuri, meupe, ya kumtosha, halafu nayabeba nimeyafunika kwa kitambaa, naenda kuyamwaga chooni. Mtu akinipita ananisalimu, haulizi. Kilicho ndani ya beseni hakina mwenyewe.

Mtoto akipata joto kidogo naona kifo. Akikohoa naona kifo. Nikamchunguza ngozi, ulimi, shingo, mpaka mume wangu akaniambia nitamchubua. Chairlady aliposikia, aliita mkutano. Akasema kuanzia siku hiyo gunia halipigiwi goti, na mwenye mkebe ataulizwa, akikasirika akasirike. Tulipoteza nyumba tatu. Sista alifunga chumba chake mwenyewe, akaandika karatasi akaibandika mlangoni kwamba hadungi tena. Kila mwezi alikuja kliniki akakaa na mimi kwenye benchi. Sikumsemesha. Mara ya mwisho nilisogea kidogo apate nafasi ya mkoba wake.

Siku ya majibu ya mwisho mtoto alikuwa na miezi minane na meno mawili. Nesi alisoma ya kwangu, akasoma ya mtoto, akasoma tena kwa sauti ili nisikie vizuri. Hakuna kitu. Mimi hakuna, mtoto hakuna. Nilimwuliza mara tatu. Nikamwuliza kama sasa naweza. Akasema naweza, maziwa huwa yanarudi mtoto akivuta.

Sikungoja kufika nyumbani. Nje, kando ya tangi la maji, kulikuwa na ukuta mfupi. Nikakaa, nikafungua vifungo mchana kweupe, watu wakipita. Nilikuwa nalia na kucheka. Nikamsogeza, nikamwekea titi mdomoni.

Akalitazama. Akaligusa kwa kidole, akacheka kidogo, akanitazama usoni aone kama tunacheza. Nikamsogeza tena. Akausukuma mkono wangu, akajipinda kwenye mapaja yangu, akaanza kupekua mkoba akitafuta kikombe chake.